Miaka Thelathini na Mitatu Bila Paa

Bwana Bhomaram Meghwal, dereva wa kituo chetu cha hali ya hewa hapa Rohidawas, katika jangwa la India, anastaafu tarehe 31 Mei baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu. Kanuni za utumishi, kwa hisani yake, zimemchagulia kilele cha hari, asije akasahau alifanya kazi gani.

Aliajiriwa kuendesha gari la wazi kwa muda tu, hadi paa lifike. Paa, tunaarifiwa, liko njiani. Kila mchana, wakati hata mbuzi wa Rajasthan wamekwisha kujificha, alivuka kilomita kumi na nane za mchanga ili asome kipimajoto saa nane na nusu kamili. Usukani aliushika kwa vitambaa vilivyoloweshwa, na mfukoni alitia kitunguu kibichi cha kumkinga na upepo wa moto. Mimi, mtafiti wa kituo, niliwahi kuandika makala ya kurasa kumi na nne kuonyesha kwamba kitunguu hakikingi chochote. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sasa, Dada Daktari, wewe uliyeandika umezimia mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na mimi?"

Niliongeza tanbihi katika makala: takwimu hazitoshi.

Miaka minane iliyopita nilifuatana naye siku ambayo nilitarajia rekodi ya taifa ya joto. Zilipobaki kilomita nne, jasho lilinikauka, nikaanza kumsimulia habari za theluji. Akasimamisha gari.

"Tunarudi."

"Na kipimo je? Siku moja ikikosekana, kazi ya miaka yote imeharibika!"

"Kipimo kitapona, dada. Vaa kilemba changu, unyamaze."

Alinimwagia maji yote ya kunywa, akageuza gari, akaendesha kichwa wazi. Hospitalini walisema kwamba nusu saa zaidi ingeniua. Katika daftari la vipimo, kwenye safu ya joto ambayo haikuwahi kuwa na pengo, aliandika neno moja: "Limetosha."

Nilipopata nafuu, nilimshtaki ofisi kuu kwa kukiacha kipimo. Barua ya onyo, yenye sentensi zangu ambazo wakati ule niliziona nzuri, imo katika faili lake mpaka leo. Ndilo doa lake pekee, nalo ndilo linalomnyima nishani ya utumishi uliotukuka.

Juma lililopita niliiandikia ofisi hiyo kukiri kwamba kosa lilikuwa langu. Imenijibu kwamba onyo laweza kufutwa kabla hajaondoka, mradi nithibitishe kwa kipimo kuwa joto la siku hiyo lilikuwa la hatari. Kipimo, bila shaka, hakipo. Nimewapelekea nakala ya ukurasa ule wa daftari. Sina hakika kwamba neno moja ni ushahidi wa kisayansi. Nashuku tu kwamba hatuna ulio bora zaidi.

Kaka Bhomaram, tunakushukuru sote, mimi zaidi ya wenzangu. Tunakutakia siku njema nyingi, na uzipime mwenyewe, kwa namna unayoijua.