Mpini Mnyoofu wa Kutafutia Pete

Kijiwe chenyewe ni benchi moja tu lililoegemea ukuta wa karakana ya baiskeli, mguu wake mmoja umetiliwa tofali, na mbele yake kuna jiko la mkaa na birika la kahawa. Mwenye karakana ni Spoki, ambaye kunyoosha ringi anaweza, kunyamaza hawezi. Kulia kwake hukaa Koki, fundi bomba. Kushoto hukaa Redio, ambaye kazi yake haijulikani ila habari zote anazo. Mwisho wa benchi, upande wa tofali, hukaa Geti, aliyelinda lango la kiwanda miaka thelathini na mmoja akastaafu na buti zake. Jumamosi hiyo Geti hakuwa na raha hata chembe. Pete yake ya ndoa ilikuwa imemchomoka tangu Jumanne, alipokuwa akipalilia kiwanja kidogo kilicho baina ya karakana na nyumba yake, na mkewe, aliyekwenda kumuuguza dada yake, alitarajiwa Jumatatu. Nayo haikuwa pete ya dukani. Baba mkwe aliyempinga miaka saba aliivua kidoleni mwake mwenyewe siku aliyokubali, akamvisha mbele ya watu, na mwaka huohuo akafariki. Geti hakuwa amegusa kahawa tangu asubuhi.

Kidude cha kutafutia chuma walikuwa nacho. Kilikuwa cha Koki, cha kutafutia mabomba yaliyofukiwa: sahani ya kunusa chuma mwishoni mwa mpini, na waya wake. Tatizo lilikuwa mpini, maana ule wa awali, wa kiwandani, Koki aliukanyaga kwa mkokoteni wake mwenyewe. Spoki akajitolea kutengeneza mwingine, tena ulionyooka.

Redio: Wa kiwandani ulikuwa umepinda. Kwa hiyo walioupinda ni wajinga?

Spoki: Waliupinda ili utoshe kwenye boksi.

Redio: Nani kakwambia?

Spoki: Hakuna. Nimefikiri.

Koki: Uliopinda unacheza mkononi. Ukipunga huku, sahani inataka kwenda kule. Ulionyooka unakwenda unakoutuma.

Geti: Jamani, leo Jumamosi.

Spoki: Simama nikupime. Simama wima, basi.

Geti: Wima yangu ndiyo hii tangu nistaafu.

Tuseme haki, Spoki alifanya kazi ya kueleweka. Alichukua bomba la plastiki la maji, akachomeka ndani yake mpini wa ufagio ili lisinepe. Sahani akaifunga chini kwa boliti mbili za plastiki ambazo Koki alizichomoa kwenye kiti cha choo kibovu, kwa sababu boliti ya chuma ingekipigisha kidude kelele mchana kutwa. Egemeo la kiwiko alilikata kwenye dumu, akalipasha moto mpaka likakubali kupinda. Waya wa sahani akauzungushia kwenye bomba zima na kuubana kwa utepe, maana ukining'inia nao huleta milio ya uongo. Kishikio kikawa raba ya usukani wa baiskeli. Redio aliutazama juu hadi chini, akasema si mbaya. Kutoka kwa Redio hiyo ni sifa kubwa.

Geti akatia mkono kwenye egemeo, akaingia kiwanjani, akapunga. Kikalia.

Alipiga magoti kabla Koki hajafika na jembe, wakachimba, wakachekecha udongo kwa vidole. Hakuna kitu. Akasogea hatua moja, kikalia tena. Wakachimba. Akasogea, kikalia. Shimo la saba lilipotoka tupu, walirudi kwenye benchi kufikiri, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Koki: Chini hapa kuna bomba la zamani.

Geti: Uliliweka wewe?

Koki: Ningeliweka mimi lingekuwa linavuja, tungeshalijua.

Spoki: Mradi mpini wangu msiuguse. Hauna chuma hata cha sindano.

Redio: Bomba gani linakwenda pande zote? Hiyo ni reli.

Koki: Reli?

Redio: Ilipita hapa. Walipoihamisha wakaona uvivu kuing'oa, wakaifukia.

Spoki: Reli ni vyuma viwili. Hapa panalia kiwanja kizima.

Redio: Basi walifukia na stesheni.

Wakalitafakari hilo. Spoki alimimina kahawa.

Koki: Stesheni yote?

Redio: Na treni ndani. Hujiulizi kwa nini likipita lori, vyombo vya nyumba ile vinagongana?

Geti: Vyombo vyangu hivyo. Kabati halijakaa sawa.

Redio: Litakaaje sawa, na liko juu ya treni?

Spoki: Treni ikiwa na abiria au tupu?

Redio: Hilo sitaki kulisema mbele ya kahawa.

Siku nyingine Geti angecheka mpaka akohoe. Leo hakuweza. Kila kidude kilipolia alijiona kabisa anaifuta ile pete kwa shati na kuirudisha kidoleni, na kila shimo lilimkumbusha yule mzee alivyoivua kidoleni mwake. Alikuwa na aibu, aibu ya kweli. Akainuka bila kuaga, akaenda kupunga mahali pa shimo la nane. Kikalia.

— Baba watoto, buti hizo si zile za kiwandani?

Wote waligeuka. Mkewe alikuwa amesimama penye kona, begi mkononi. Dada yake alipata nafuu mapema kuliko walivyodhani. Benchi zima likainuka.

— Karibu, shemeji!

— Starehe. Nimeuliza, si zile zenye chuma puani?

Geti alizitazama buti zake. Wenzake nao wakazitazama. Geti akakaa chini palepale kwenye udongo, akazivua, akasimama peku, akapunga. Kimya. Akasogea, akapunga. Kimya. Koki akatupa ufunguo wake chini kuhakikisha, na kidude kikaulilia vizuri tu, kisha kikanyamaza kiwanja kizima, ukuta hadi ukuta. Kumbe mlio ulikuwa afadhali.

Spoki: Si niliwaambia mpini hauna kosa?

Hakuna aliyempongeza.

— Na mlikuwa mnatafuta nini? mke akauliza.

— Shemeji, Redio akaanza, hapa zamani palikuwa na—

— Redio, nyamaza, Geti alisema. Ni pete ya baba yako. Ilinitoka Jumanne nikipalilia. Nimekonda, na ule uzi nilioizungushia umechakaa. Nilisema nitazungusha mwingine kesho, sikuzungusha. Naona aibu, mama watoto. Hata siku niliyokwenda kuposa kwenu sikuona aibu hivi.

— Jumanne. Na kila nikipiga simu unaniambia nyumbani kote salama.

— Nyumba ilikuwa salama.

Mke aliyatazama yale mashimo saba moja baada ya jingine, polepole, na macho yake yalikuwa mekundu. Alipenga kamasi kwa pindo la kanga.

— Ulipalilia hapa?

— Hapahapa.

— Magugu ukayatupa wapi?

Spoki alitazama birika. Koki aliokota ufunguo wake, akaufuta udongo ambao haukuwapo. Redio aliinama kupuliza jiko. Walikuwa watu wazima wanne, tangu asubuhi, na hilo hakuna aliyelifikiria.

— Nyuma ya choo, Geti akasema.

— Mmepapima?

Mke akaweka begi benchini. Akavua bangili, akampa Redio azishike. Akavua viatu. Akamnyang'anya mumewe kidude, akatia mkono kwenye egemeo, na kwa kuwa mpini ulipimwa kwa kimo cha Geti, kiwiko chake kikapanda karibu na sikio. Akamgeukia Spoki:

— Fundi.

— Naam, shemeji.

— Kata hapa, akaonyesha kwa kidole.

Spoki aliutazama mpini wake kwa uchungu.

— Nikikata hapo, shemeji, hautamfaa tena yeye.

— Kata. Yeye atachambua magugu.