Sista Rosamma, Aliyemfukuza Mtani Makaburini

Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zetu Waislamu mlioketi chini ya turubai lile la upande wa kulia, asalaam aleikum. Baba Paroko, masista wa shirika, majirani wa hapa Bagamoyo, na ninyi mliofunga safari kutoka Miono kwa barabara hii ya masika, mimi naitwa Oscar, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Wilbrodi, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu. Najua wapo wanaojiuliza Mkwere wa Miono amempataje dada kutoka India, nao nawaomba subira, maana jibu limo humu ndani, na ndilo lenye uchungu.

Marehemu Sista Rosamma Kuriakose alizaliwa tarehe 14 Februari 1957, katika kijiji cha wakulima wa mpunga huko Kuttanad, jimbo la Kerala, kusini mwa India, akiwa mtoto wa nne wa mzee Kuriakose na mama Mariamma, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Huko kwao, kama alivyopenda kutusimulia, nazi ni chakula cha kila siku na mbuzi ya kukunia haikosekani jikoni, kwa hiyo alipofika pwani hii na akina mama wakajiandaa kumfundisha kukuna, aliikalia mbuzi, akaimaliza nazi kabla mwalimu wake hajapata pa kuketi.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari kijijini kwao kuanzia mwaka 1963 hadi 1973, akaendelea na masomo ya uuguzi na ukunga kuanzia mwaka 1975 hadi 1979, kisha akajiunga na shirika lake, akaweka nadhiri za kwanza mwaka 1981 na nadhiri za daima tarehe 15 Agosti 1987. Kuhusu ndoa, hakuolewa na mwanamume, kama mjuavyo, na kuhusu watoto, hakuzaa, ingawa nikiwaomba waliopokelewa duniani na mikono yake wasimame sasa hivi, nusu ya waliotoka Miono hawatabaki kwenye viti.

Aliwasili Tanzania tarehe 8 Oktoba 1989, akajifunza Kiswahili kwa miezi sita, na mwezi Aprili 1990 akapelekwa Miono kuongoza zahanati ya misheni, ambako kila siku aliamka kabla ya majogoo, akasali na wenzake, akafungua mlango na kuwakuta akina mama wameshajaa barazani na watoto wao wa kupimwa uzito. Mchana alipanda baiskeli na kisanduku cha barafu chenye chanjo, akaenda vitongojini, akirudi amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, na Jumapili alikaa na watoto wa mafundisho pamoja na baba yetu, aliyekuwa katekista. Tusidanganyane, alikuwa mkali. Mwanamume aliyemchelewesha mkewe mwenye uchungu wa kuzaa alipewa ndoo mbili na kuonyeshwa kisima, tena mbele za watu, na hakuna aliyethubutu kumwambia kuwa kwa Wakwere mwanamume hatumwi maji.

Mwaka wake wa kwanza Miono, alipougua malaria kali na kulala bila ndugu wa kumkandia maji, baba yetu alisema hakuna mtu asiye na ukoo, ila kuna mtu ambaye ukoo wake haujafika, naye pamoja na mama yetu, marehemu Mama Tekla, wakamwita mbele ya wazee na kumtangaza kuwa mtoto wao. Tangu siku hiyo alikula kwetu kila Jumapili, alimsuka mama nywele, na akapata kila anachokipata mtoto wa Wilbrodi, wakiwemo watani.

Vijana wa siku hizi wanadhani utani ni kutaniana tu mitandaoni, kwa hiyo nitaeleza. Sisi na Wazigua ni watani tangu mababu, na mtani ana haki ya kukusema mbele za watu, ya kukuchukulia kitu chako na wewe usikasirike, na siku ya msiba wako yeye ndiye wa kwanza kupewa taarifa, naye huja kukuigiza, kukudhihaki na kulizuia jeneza lako, ili wafiwa wacheke katikati ya kilio na wasiende na marehemu. Mtani wa nyumba yetu alikuwa Bi Mwajabu, Mzigua na Mwislamu wa swala tano, muuza vitumbua nje ya zahanati, ambaye siku ya kwanza tu alimsimamia Sista mlangoni, mkono kiunoni, akamuuliza, "Mhindi gani wewe huna duka?" Sista akamjibu kwa Kiswahili chake kipya, "Duka ninalo, nauza sindano, geuka nikupimie." Kuanzia hapo wakawa ulimi na meno, Bi Mwajabu akiondoka na sufuria ya masista, au akiondoka na ndara za Sista na kumwacha akitembea pekupeku, naye Sista akimrudishia kwa maneno tu, kwani kuchukua cha mtu hakuweza, alisema amri ya saba haina utani ndani yake.

Baba yetu alifariki tarehe 3 Agosti 1998, baada ya kuugua kwa muda mrefu akiuguzwa na Sista, aliyemgeuza kitandani, akamlisha uji kwa kijiko na kumfumba macho. Makaburini, jeneza lilipofikishwa ukingoni, Bi Mwajabu alitokea amevaa koti la marehemu na kofia yake, akatembea kwa ule mwendo wa baba wa kuburuta mguu, akakohoa kikohozi chake, akagonga kengele ya katekista akiwaita watu wachelewaji wa misa, kisha akajilaza kukata njia, akisema Wilbrodi haingii shimoni mpaka awalipe Wazigua kuku wao wote aliowala. Watu wakaanza kucheka na kulia kwa pamoja, kama inavyotakiwa. Dada yetu hakuwahi kuuona utani ukifika makaburini, maana misiba mingine alikuwa akibaki na wagonjwa, na kile kikohozi alikuwa amekisikia usiku na mchana kwa miezi. Alipenya katikati ya watu, akamshika Bi Mwajabu na kumvua lile koti mabegani, akasema kwa sauti iliyofika barabarani, "Ondoka hapa, huna adabu, huyu ni baba yangu!"

Mtani hakemewi msibani, na anayemkemea amekata uzi. Bi Mwajabu aliinuka, akaivua kofia na kuiweka taratibu juu ya udongo, akajipangusa vumbi, akaondoka na Wazigua wote wakamfuata, na sisi tuliobaki hatukumweleza Sista lolote kwa kuwa alikuwa Sista, na kwa kuwa alikuwa analia. Jioni ile ndipo mama alipomwambia kwa upole, "Mwanangu, uliyemfukuza ndiye aliyekuwa na haki pale kuliko padri." Wanaomfahamu wanaweza kukisia alivyokaa baada ya maneno hayo.

Alitaka kutengeneza, na mama akamwonyesha njia, akamwambia kwamba mtani haombwi radhi, mtani huchokozwa, kwa hiyo aende kwa Bi Mwajabu mchana kweupe, akamate jogoo uani, aondoke naye, na Bi Mwajabu akimfukuza kwa matusi njia nzima hadi misheni, mambo yatakuwa yamekwisha. Sista alishindwa. Alisema hawezi kuiba, hata kwa mchezo, akanunua doti ya kanga, akamchukua Baba Paroko wa wakati ule, wakaenda rasmi kuomba msamaha. Bi Mwajabu aliwapokea vizuri, akawatolea viti na maji ya kunywa, akaipokea kanga kwa mikono miwili, kisha yeye, aliyekuwa mkubwa kwa umri, akainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo, Sista."

Asiyejua atasema hiyo ni heshima, lakini mtani anayekupa heshima amekufuta. Kwa miaka yote waliyobaki wote wawili Miono, kila asubuhi Sista alipopita penye vitumbua alipokea shikamoo ile ile, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, akaingia zahanati na ndara zake miguuni, hakuna aliyezichukua tena. Misiba yetu Wakristo nayo ikawa ya utaratibu kama kikao cha kijiji, tukazika kwa saa iliyopangwa, mgeni mmoja hata akatusifia utulivu, na wazee wakanong'ona kwamba sasa tunazikwa kama watu wasio na wenyewe. Mama Tekla alipozikwa mwaka 2011 hakuna aliyecheka, na Sista alisimama pembeni ya kaburi akiangalia njia ya kuelekea kwa Wazigua mpaka udongo ukaisha.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuhamishiwa hapa Bagamoyo, tangu mwaka 2004, ambako alihudumu katika kliniki ya akina mama, akatembelea wagonjwa majumbani kuanzia Makurunge hadi Mbegani, bila kuuliza nani anakwenda kanisani na nani msikitini, na familia za mji mkongwe zikamzoea hadi zikamwachia sahani yake ya futari kila Ramadhani. Alistaafu mwaka 2019, lakini mlango wake haukustaafu. Jambo alilojifunza Miono alilifanya kuwa mafundisho kwa kila sista mgeni aliyetua hapa, akiwaambia wasiwe na haraka ya kukasirika penye msiba wa watu, na alipomaliza kusema hivyo aliondoka chumbani.

Mwezi Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini, na shirika likampa nafasi ya kurudi Kerala akauguzwe na ndugu zake, naye akashukuru, akakataa, akisema ana shughuli moja Miono hajaimaliza. Mwezi Septemba mwaka jana, akiwa amekonda na miguu imevimba, alimwomba mwanangu Tina akodi gari ampeleke, na njia nzima, anasema Tina, alikuwa akijichekea mwenyewe kama msichana aliyetoroka shule. Walipofika kwa Bi Mwajabu hakubisha hodi. Aliingia uani, akamvizia jogoo mwekundu aliyekuwa akichakura karibu na jiko, akamkosa mara kadhaa, akamkamata, akambana kwapani, kisha akapaza sauti, "Wazigua mmelala, mali yenu inakwenda!"

Aliyetoka ndani ni Shufaa, binti wa Bi Mwajabu, naye alisimama mlangoni akimtazama, akasema, "Sista, shikamoo. Mama ametutoka mwezi wa saba, arobaini tumeshamaliza." Habari hiyo haikuwa imeletwa kwetu, na haikupaswa kuletwa, kwa kuwa anayepewa taarifa ya kwanza ni mtani, na sisi hatukuwa watani tena. Sista alibaki amesimama na jogoo kwapani. Shufaa, kwa wema wake wote, akamwambia, "Mchukue tu, Sista, ni wako," na hilo ndilo lililomvunja, maana jogoo wa kupewa si wa utani, akamshusha chini polepole, akamwachia, akaomba aonyeshwe kaburi, na jioni Tina akamrudisha Bagamoyo.

Baada ya safari hiyo hakupata nafuu tena. Alilazwa mwezi Machi, akaruhusiwa kurudi nyumbani kwa masista mwezi Aprili, akapokea Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa, na siku ya Jumanne, tarehe 13 Mei 2025, saa tisa alasiri, akiwa ameshikwa mkono na Tina, dada yetu aliaga dunia. Ombi alilotuachia lilikuwa fupi, kwamba tusimzike kimya, na kwamba wakitokea watani, hata wakimvua kitambaa cha kichwani, tuwaache.

Kwa hiyo, kabla hatujampigia Baba Paroko, tulimtuma mtu kwa Shufaa kumpa taarifa ya kwanza. Alisikiliza akiwa kizingitini, akajibu, "Tumesikia," akarudi ndani, na mpaka jana usiku hakuna Mzigua aliyekanyaga turubai letu. Kile kiti mnachokiona pembeni ya jeneza, chenye kitambaa cheupe, miwani, ndara na kengele ya baiskeli, si mapambo, tumeviweka kwa yeyote atakayetaka kuvivaa, na tunasikitika, tunasema wazi kwamba tunasikitika, kuwa aliyestahili kuvivaa kuliko wote amelala Miono, na kwamba wawili hawa walipendana na wakafa wakiamkiana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, masista wa shirika, wafanyakazi wenzake wa kliniki, majirani wa mji mkongwe mliochimba kaburi pamoja na vijana wetu, na ndugu zake wa damu wa Kerala wanaotufuatilia kupitia simu ya Tina, ambao tunawaambia kuwa mtoto wenu hakufa ugenini.

Karatasi yangu iliishia hapo, lakini asubuhi hii nimeongeza mistari michache kwa kalamu. Akina mama wa jikoni wametuarifu kuwa jogoo tuliyemfunga kwa ajili ya wageni waliotoka mbali hayupo, kamba imekatwa, na jirani mmoja amemwona mwanamke akitoka naye getini mchana kweupe, bila haraka, akimtukana Sista kwa jina. Familia inaomba jogoo huyo asitafutwe, na inaomba wabebaji wa jeneza wasiwe na haraka, mpaka huyo mwanamke atakapoona ametukomesha vya kutosha na kuja kutuzuia njia.

Lala salama, Sista Rosamma, binti wa Kuriakose na wa Wilbrodi. Watani wamekuja, dada, na wewe ulikuwa umekwisha kuchoka kungoja.