Kichwa Kilichonyolewa Kila Jumamosi

Baba Padre, ndugu zetu wa Mbaha, na ninyi mlioshuka nasi kutoka milimani, mimi ni Hamphrey Ndunguru, mdogo wa marehemu, na wanawe wamenituma nisome maisha yake.

Marehemu Walburga Ndunguru alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 kijijini Mpepai, wilaya ya Mbinga, akasoma hapo hapo mpaka darasa la saba, kisha akabaki nyumbani akilima ngoro, yale mashimo yetu ya mlimani, na kuchuma kahawa, hadi tarehe 10 Septemba 1977 alipofunga ndoa na Mansuetus Komba, mvuvi wa hapa Mbaha, ambako alijifunza kuanika na kuuza usipa, dagaa wa ziwa hili, akajaliwa watoto watatu, Placidi, Ottilia na Bartholomayo.

Tarehe 16 Februari 2001 mtumbwi wao ulipinduka ziwani, Mansuetus na Placidi wakafa maji, na siku ya tatu ya msiba, mawingu yalipotanda, marehemu aliinuka mkekani akaenda kuanua usipa usiloe, kwa kuwa ndio uliokuwa kitoweo cha waombolezaji, nao waliula jioni ile, wakanawa mikono, kisha wakaamua kwamba mjane anayekumbuka samaki ndiye aliyewaua kwa uchawi. Shemeji yake Ildefonce alimwita mnyoaji wa wachawi, anayedai kuwatoa uchawi kwa kuwanyoa, na Jumamosi tarehe 24 wakamkalisha uwanjani, wakasali kwanza, wakamnyoa mbele ya wanawe kwa wembe bila maji, na Jumapili wakapanga mstari nyuma yake kupokea Komunyo. Nimeandika maneno haya nikafuta nikaandika tena.

Tangu hapo hakuruhusu nywele ziote, alijinyoa mwenyewe kila Jumamosi, na kila Jumapili alikaa benchi la mbele bila kitambaa, ili waliokuwa nyuma yake wasali wakikitazama kichwa kile. Walipomwambia kwamba yote ni mpango wa Mungu, alijibu kwamba wembe haukushuka mbinguni, ulinunuliwa dukani, wasimsingizie Mungu. Habari ya ziwa, hata hivyo, alimuuliza Mungu mwenyewe, kwa sauti, kanisani, kwa nini alinyamaza mtoto akizama, na padre mmoja alipomweleza kwamba Mungu huruhusu ubaya ili atoe wema ndani yake, alimwomba amwonyeshe huo wema, atangoja. Alingoja miaka ishirini na minne, hakuonyeshwa, wala hakuacha kusali, kwani alisema akiacha hatakuwa na wa kumuuliza.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kizazi, akatibiwa Songea, akarudi nyumbani, Jumamosi iliyopita mkono ukashindwa kushika wembe, akamwomba Ottilia amnyoe, na alfajiri ya Jumatatu tarehe 9 Juni 2025 akafariki.

Jana Mzee Ildefonce, ambaye siku hizi ni kiongozi wa kigango, alituomba tuseme nywele zilimtoka kwa dawa za saratani, tena tumalizie kwa mpango wa Mungu, na wakwe wakaleta kilemba kipya cha kumfunika. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomchotea maji, na wauza usipa wenzake ambao leo hawakwenda sokoni. Kilemba tumekirudisha. Jeneza litafunguliwa sasa kwa heshima za mwisho, na Mzee Ildefonce, kama mkubwa wa ukoo, atatangulia.

Pumzika, dada, kwa amani ambayo hapa hatukukupa, na swali lako kamuulize Mungu uso kwa uso.