Mama Kioo na Programu Zinazojitambua

Baada ya miaka ishirini na sita kazini, Mama Kioo anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Uongozi umeniomba niisifu kazi yake. Uongozi huohuo, mwezi uliopita, uliagiza kazi hiyo ifutwe. Nitajitahidi kuziridhisha pande zote mbili.

Kwa wasiofika ghorofa yetu: tunatengeneza kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya waandishi wa programu yawe amri za mashine. Yetu ilijivunia wembamba. Ikimaliza kazi ilitupilia mbali majina yote ya sehemu za programu, hivyo programu ikianza kufanya kazi haikujua hata imeundwa na nini. Mama Kioo ndiye aliyeziwezesha programu kujitambua: programu ijiulize ina sehemu gani, zinaitwaje, kisha iziite kwa majina. Alianza peke yake, baada ya kamati kuamua kwamba jambo hilo haliwezekani, na hata likiwezekana halina faida.

Siku ya kuwaonyesha wageni kazi hiyo ilikuwa ya aina yake. Tuna chombo tunachokiita Fagio, kinachoondoa kila sehemu isiyoitwa na yeyote. Fagio halikujua kwamba sehemu za Mama Kioo zingeitwa baadaye, programu ikishaanza. Likazifagia zote. Programu ilipoulizwa ina nini ndani, ikajibu kwa adabu kwamba haina kitu. Mkurugenzi akapiga makofi, akaisifu kasi yake. Mama Kioo naye akapiga makofi, kisha akarudi mezani kuliagiza Fagio lisiguse chochote chenye alama yake. Sisi wengine tulikuwa bado tunatafuta wa kumlaumu.

Mama Kioo hakuwa malaika. Aliyempelekea kazi yenye sehemu iliyoitwa tu "kitu kipya" alikiona cha mtema kuni. Ajabu ni kwamba mtunza majina huyu hakuwahi kushika jina la yeyote kati yetu. Wote tulikuwa "mwanangu", mkurugenzi akiwemo.

Mwezi uliopita ndipo ikaamuliwa kwamba kujitambua kunazinenepesha programu, kuondolewe. Mama Kioo aliomba jambo moja tu: asiagwe kwa zawadi, kazi yake iachwe. Wakamnunulia saa ya ukutani. Kazi ikafutwa, na kompaila ikagoma kujengwa upya. Kumbe yenyewe ni programu iliyoandikwa kwa lugha ileile inayoigeuza, na miaka yote hiyo imekuwa ikitumia kujitambua kuzitafuta hatua zake za kazi. Agizo likaondolewa "kwa maslahi mapana ya idara", bila maelezo zaidi. Mama Kioo aliposikia alitoka akaenda koridoni akalia. Sisi tukakodolea macho skrini zetu kana kwamba tuna kazi nyingi.

Mama, asante kwa uvumilivu wako, kwa ukali wako na kwa kicheko chako. Tunakutakia afya njema, wajukuu watundu na asubuhi zisizokatizwa na simu zetu. Kazi yako inabaki, wewe unaondoka. Tungeulizwa sisi, wangeifuta kazi wakatuachia wewe.