Mtandao Umefika

Jumamosi wakwe watarajiwa wa binti wa mama mmoja walikuwa wanakuja kula, na mama huyo, mwenye imani ya kuhamisha milima, alikuwa ameuza mtungi wake wa gesi siku bomba la gesi ya jiji lilipoingia jikoni. Asubuhi hii treni ilimketisha mbele ya fundi aliyelifunga bomba hilo.

"Mwanangu, mwezi wa pili huu nikifungua jiko linapumua tu, haliwaki."

"Mama, umeunganishwa," fundi akajibu kwa upole wa daktari. "Kuunganishwa ni jambo moja, gesi ni jingine. Inayochimbwa nchini haitoshi hata mitaa ya zamani."

"Na leo unakwenda wapi?"

"Kuunganisha mtaa mpya."

Mama akampongeza. Wakwe, akasema, atawachemshia bomba mpaka lilainike, maana ndilo lililopo. "Kwenu mnapikia nini?"

"Sisi bado hatujaunganishwa. Tuna mtungi."

"Umejaa?"

Fundi akatazama dirishani kwa bidii. Treni iliposimama akashuka mbio. Kituo cha mama kilikuwa cha tatu mbele, lakini naye akashuka, akiita, "Mwanangu, nisubiri," kwa mapenzi yaliyopita hata ya mama mzazi.