Chupa ya Mwisho ya Babu

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mama Gamba atalitundika koti lake jeupe nyuma ya mlango wa maabara ya virusi na kuliacha hapo. Msumari wenyewe aliugongomea yeye, kwa kisigino cha kiatu, alipochoka kuomba aletewe fundi.

Jina hilo alipewa na wafugaji. Kazi yake tangu ujana imekuwa kuchunguza gamba la protini linalokivika kirusi cha ugonjwa wa miguu na midomo. Chanjo huufundisha mwili wa ng'ombe kulitambua gamba hilo. Taabu ni kwamba kirusi hakitulii: kila kinapojinakili hukosea kidogo, gamba likabadilika hapa na pale, hadi siku moja ng'ombe aliyechanjwa anakutana na adui yake na kumpisha kama mgeni mwema. Ni mwizi anayebadili koti, alizoea kutuambia.

Wakongwe tunakumbuka siku mjane mmoja mfugaji alipoingia mapokezi na viatu vya tope, akatutangazia mbele ya mkurugenzi kwamba tumemchanjia ng'ombe kwa maji. Walikuwa wanachechemea na kutoka udenda. Sisi tukaanza kujitetea. Mama Gamba akamvutia kiti, akamwita dada, kisha akaenda naye zizini kuchukua sampuli. Majibu yalimpa mjane haki: gamba lilikuwa limebadilika, na chanjo yetu haikulijua. Mama Gamba aliipigania chanjo mpya mpaka ikapatikana, na kila aliyemwambia avute subira alijuta kufungua mdomo.

Fahali mmoja wa mjane alipona, damu yake ikiwa imejaa kingamwili dhidi ya gamba lile jipya. Tulimlea hapa, tukamwita Babu. Kila kirusi kilicholetwa kilikutanishwa kwanza na seramu yake, yaani majimaji ya damu yenye kingamwili hizo, kuona kama gamba lake bado linatambulika, na Mama Gamba hakuitoa kwenye jokofu bila kupiga hodi. Tulimcheka weee, kisha sote tukaanza kupiga hodi. Babu alipokufa kwa uzee, mama huyu alilia bila kujificha, nasi tukalia naye.

Kamati ya sherehe ilipanga kumzawadia chupa ya mwisho ya seramu hiyo, ndani ya kisanduku cha kioo. Jumatatu nikapiga hodi, nikafungua jokofu: haipo! Mama Gamba alikuwa ameitumia kupimia sampuli zilizoletwa na wana wa mjane yule, ambao ndama wao wasiochanjwa walianza kuchechemea. Babu alikitambua kirusi. Chanjo iliyopo inafaa, na zizi zima lililosalia limeshachanjwa. Nilipolalamika, aliniambia seramu si picha ya kutundikwa ukutani.

Basi, Mama Gamba, leo unapokea kisanduku kitupu, na shukrani zetu zisizo na kifuniko. Tutakukosa mno. Uishi vema na wajukuu, upumzike, na ukipita karibu upige hodi. Tutakutambua hata bila koti.