Majani Yalikuwa Mabichi: Wasifu wa Marehemu Lalla Hniya Mesbahi, Mshika Sinia wa Meknes

Marehemu Lalla Hniya binti Larbi Mesbahi alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 8 Machi 1946, katika kijiji cha mlimani Zerhoun, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto sita wa Mzee Larbi, mkulima wa nanaa, na mkewe Bi Mahjouba. Alizikwa siku ile ile aliyofariki, kama ilivyo desturi yetu, na hapakuwa na nafasi ya kusoma wasifu. Unasomwa leo na mwanawe, siku ya arobaini yake, katika ua wa nyumba ya mama mkwe wake, mbele ya watu ambao mwenyewe aliacha ameandikisha majina yao ili waalikwe. Tumewaalika wote, na wote mmekuja. Mungu awalipe kwa miguu yenu.

Mwaka 1953 alianza shule ya msingi, akasoma miaka minne. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba mwalimu alikuwa akimpa kazi ya kuandika ubaoni. Shule ilikatika Bi Mahjouba alipoumia mgongo, maana nanaa haingoji mtu apone. Masomo yaliyobaki aliyapata kwa bibi yake mzaa baba, Mma Rqia, bibi mfupi mwenye ulimi mrefu. Siku moja Hniya, akiwa na miaka kumi na mmoja, aliwamiminia wageni chai huku birika likigusa mdomo wa glasi.

"We mtoto, unamnywesha mgonjwa dawa?" Mma Rqia alifoka. "Inua mkono! Chai isiyo na povu ni uji wa majani."

Hniya alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akainua birika hadi usawa wa kilemba cha babu yake, akamimina. Nusu iliingia kwenye glasi, nusu ikaangukia mguu wa babu. Mzee aliruka, akatazama kidole chake kilivyoiva, akasema, "Alhamdulillahi. Leo hata mguu umekaribishwa." Marehemu alikuwa akikisimulia kisa hicho mpaka machozi yanamtoka kwa kucheka.

Kazi yake ilikuwa chai. Wapo watakaosema hiyo si kazi. Hao hawakumwona. Kuanzia mwaka 1962 aliitwa kushika sinia kwenye harusi, akika na khitma, Zerhoun kwanza, halafu Meknes nzima. Kwetu chai haipikwi jikoni ikaletwa imefunikwa. Mshika sinia huketi katikati ya wageni na jiko lake la makaa, akaipika mbele ya macho yote, ili asiwepo wa kuuliza nini kimetiwa ndani. Alikuwa akitia ukufi mmoja wa chai ya kijani ya vipunje kwenye birika, anaongeza glasi moja ya maji yanayochemka, anatikisa kidogo na kuyamimina pembeni. Hayo ndiyo roho ya chai, hayamwagwi. Anatia maji mengine, anazungusha kwa nguvu kuondoa uchungu na vumbi, hayo anayamwaga. Kisha anairudisha ile roho, anajaza maji, anaweka birika kwenye makaa mpaka majani yapande juu yenyewe. Sukari ya bonge alikuwa akiivunja kwa nyundo ndogo ya shaba, pigo moja, bila chembe kuruka. Nanaa iliingia mwisho, konzi nzima, na aliisukumia chini kwa vidole ili isielee ikaungua na kuitia chai uchungu. Kijiko hakikuingia birikani mwake hata siku moja. Alikuwa akimimina glasi na kuirudisha, akimimina na kuirudisha, mara tatu, mpaka utamu umefika kila mahali. Ndipo anaonja, ndipo anainua mkono.

Tarehe 12 Oktoba 1967, siku ya Alhamisi, aliolewa na Driss Filali, fundi wa kushona majelaba, yale majoho yenye kofia, wa hapa Meknes. Mungu aliwajalia watoto wawili, Saadia mwaka 1969 na Abdelhaq mwaka 1972. Mama mkwe wake, Lalla Kenza, alimpenda tangu glasi ya kwanza. Huko ndiko fitina ilikoanzia. Sinia la nyumba hii lilikuwa mikononi mwa binti mkubwa wa Lalla Kenza, yaani Lalla Batoul, wifi yake marehemu, ambaye tunashukuru ameketi pale mbele, kwenye mto wa kijani. Mwezi wa pili tu wa ndoa, Lalla Kenza alisema mbele ya wageni:

"Batoul mwanangu, sogea. Chai yako ni maji ya kuoshea vyombo. Mpe Hniya sinia."

Wageni wakacheka. Lalla Batoul naye alicheka. Alicheka kwa miaka saba, akingoja siku yake.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, tarehe 17 Agosti 1974, baada ya alasiri, katika ua huu huu, kwenye harusi ya shemeji yake marehemu. Wanawake walikuwa wamejaa mpaka ngazini. Marehemu alishamimina glasi ya kwanza, watu wameisifu, na birika limeongezwa maji ya glasi ya pili, linatokota kwenye makaa. Mshika sinia haondoki mahali pake mpaka glasi ya tatu inyweke. Yeye aliondoka. Abdelhaq, wa miaka miwili, alianguka ngazini akapasuka mdomo, na mama ni mama. Hilo ndilo kosa pekee alilolitenda siku ile, na alilikiri mpaka kufa.

Aliporudi na mtoto begani, alimkuta Lalla Batoul amepiga magoti penye sinia. Kabla marehemu hajaketi, wifi mtu alifunua kifuniko, akaingiza koleo la sukari, akatoa kitita cha majani machungu kilichofungwa kwa uzi mwekundu.

"Yarabi! Tazameni!" alipiga yowe. "Dawa! Ametuchemshia uchawi tangu mwanzo, na sote tumeshakunywa!"

Bibi harusi alizirai. Akina mama wakaanza kutia vidole kooni. Marehemu hakulia. Alikichukua kile kitita, akakiinua juu.

"Hiki kimechemka tangu mwanzo? Hebu kioneni! Ni kibichi! Majani yamesimama kama yako shambani! Jani gani linakaa kwenye maji ya moto nusu saa lisigeuke?"

Akamgeukia jirani yake, Lalla Yamna. "Yamna, wewe unapika chai mara tano kwa siku. Hiki ni kibichi au kimeiva?"

Lalla Yamna akatazama mkeka. Akamuuliza wa pili, akamuuliza wa tatu. Mikeka ya nyumba hii haijawahi kutazamwa kama siku ile.

Hapana mwanamke wa Meknes asiyejua jani huchukua muda gani kunyauka birikani. Walijua. Lakini mume wa Lalla Batoul, Haji Thami, ndiye aliyekuwa na tanuru la mtaa na hamamu, yaani bafu la mtaa, na kila nyumba ilikuwa na unga uliokandwa unaongoja kuokwa kesho yake. Basi wakauza jina la mtu kwa mkate. Sisi familia tunalisema hivyo bila kupunguza, kwa sababu yeye alisema tusipunguze.

Tangu siku hiyo hakuitwa tena kushika sinia. Wageni waliokuja kwake waligusisha glasi mdomoni na kuirudisha imejaa. Mzee Driss, Mungu amrehemu, alifanya alichoweza. Kila siku baada ya adhuhuri aliweka stuli nje ya mlango, akanywa glasi tatu za chai ya mkewe mbele ya mtaa mzima, akipaza sauti, "Jamani, bado sijafa! Mnaona? Karibuni, chai ya uchawi hii, inaongeza nguvu!" Watoto walicheka. Watu wazima walipita upande wa pili wa njia. Aliinywa hivyo kwa miaka ishirini na minne, jua na mvua, mpaka alipofariki mwaka 1998, na alikufa kwa moyo, si kwa chai.

Marehemu hakuwa mtu wa kusahau, na tusimpambe hapa kwa sifa ambazo mwenyewe angezicheka. Alilipa kisasi, kwa utaratibu na kwa adabu. Hakukosa Iddi hata moja nyumbani kwa Lalla Batoul. Alikwenda amevaa vizuri, akabusu kila shavu, akaketi mbele. Sinia likifika kwake, alifungua mkoba, akatoa chupa yake ya chai na glasi yake, akajimiminia. Kwa mkono ulioinuliwa. Kwa povu.

"Wifi, chai yangu ina nini?" Lalla Batoul alimuuliza mwaka wa kwanza, mbele ya wakwe zake wapya.

"Haina kitu, wifi. Si mama yako alishasema?"

Kila Iddi, kila akika, kila mara Lalla Batoul alipopata wageni wa heshima, chupa ilitoka mkobani. Wageni waliuliza kulikoni, na ikabidi kisa kielezwe upya, na kila kikielezwa, palikuwa na mtu mgeni aliyesema, "Lakini mbona majani yalikuwa mabichi?" Ndipo marehemu alipokuwa akikunja midomo na kunywa polepole.

Mwaka 2003 Lalla Yamna, akiwa mahututi, alimwita. Alimwambia, "Hniya, tuliona. Sote tuliona. Na mimi nilimwona Batoul akikitoa kitita kwenye mkono wa kaftani yake." Marehemu alimbusu kichwani. "Nimekusamehe, Yamna. Sasa niitie wanao waje wasikie." Lalla Yamna alisema kesho. Kesho yake alikuwa marehemu. Mama alirudi nyumbani akavunja sukari ya mwezi mzima kwa mkupuo mmoja.

Mwezi Mei 2018 alipata kiharusi, na mkono wa kulia, ule ule wa kumiminia, ukafa. Alijifunza kumimina kwa wa kushoto. Alimwaga, akaungua, akatukana, akarudia. Baada ya miezi minne povu lilirudi. Kiharusi cha pili kilimpata Desemba 2019, na hapo hakuinuka. Ndugu walikuja kumsihi.

"Msamehe Batoul, dada. Mauti yako mlangoni."

"Kwa Mungu nimeshasamehe," alisema. "Kwa watu bado."

Lalla Batoul alikuja mwenyewe, tarehe 9 Januari, akaketi kando ya kitanda na kumshika mkono.

"Wifi, tumezeeka. Tusameheane."

"Tusameheane? Mimi nilikukosea nini?"

Lalla Batoul aliuachia mkono.

"Sema mbele ya wale wale, Batoul. Maneno matatu tu. Majani yalikuwa mabichi."

"Wengi wao wamekufa, Hniya."

"Waliobaki wanatosha."

Lalla Batoul alijifunga vizuri mtandio wake, akaaga, akaondoka. Mama alimwita Saadia, akamtaka alete kalamu, akamwandikisha nani aalikwe, nani aketi wapi, na nini kiwekwe mbele ya nani. Alifariki siku ya Jumanne, tarehe 14 Januari 2020, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Alizikwa baada ya alasiri. Waliokuja kuzika walikuwa wachache, maana hata jeneza la mchawi huogopwa. Wajukuu zake waliona, na walituuliza kwa nini.

Siku za mwizi ni arobaini, na leo zimetimia.

Lalla Batoul, hilo jiko lililo mbele yako lina makaa, na hilo birika linachemka. Saadia sasa anatumbukiza kitita cha majani machungu yale yale, yamechumwa asubuhi hii, yamefungwa kwa uzi mwekundu. Kila mtu amtazame mkono. Anafunika. Hatutangoja nusu saa. Tutangoja majina ya wafiwa tu, nayo si mengi.

Marehemu ameacha watoto wawili, Saadia na Abdelhaq. Ameacha mkwe mmoja, Naima, na wajukuu watano: Hajar, Ilyas, Wiam, Zakaria, na Hniya mdogo, aliyepewa jina hilo watu wakimwonya baba yake asimpe. Ameacha dada wawili, Fettouma wa Zerhoun na Hadda wa Khemisset, na kaka mmoja, Mzee Allal, anayelima shamba la nanaa mpaka leo. Ameacha shemeji mmoja, yule aliyekuwa bwana harusi siku ile, pamoja na mkewe, ambaye hakudhurika na kitu chochote na amezaa watoto saba. Ameacha wanawake kumi na mmoja waliokuwemo uani tarehe 17 Agosti 1974 na ambao bado wako hai. Mmekaa mstari wa pili kwa mpangilio wake. Na ameacha wifi mmoja, Lalla Batoul.

Majina yamekwisha. Koleo la sukari liko mkono wako wa kulia, Lalla Batoul. Funua kifuniko, kama ulivyokifunua, na utoe. Uinue juu wote waone rangi yake. Kisha akina mama wa mstari wa pili wataulizwa mmoja mmoja, na safari hii mikeka tumeiondoa.

Mungu amlaze Lalla Hniya pema. Kupumzika ameshapumzika. Amani yake inangoja mkono wako.